Jicho la Kuteremsha Kisimani
Somo kwa vikundi: kazi ya fundi wa kamera za ukaguzi



Somo la toleo hili limetokana na maswali mawili niliyoulizwa hapa Ganda katika wiki moja. La kwanza lilitoka kwa mama mwenyekiti wa kikundi cha maji. Kisima chao cha mashine kilikuwa kimeacha kutoa maji, na mtu fulani amewaambia wachange pesa wachimbe kingine. Akaniuliza, "Mwalimu, tuchimbe ama tungoje?" La pili lilitoka kwa mzee mmoja baada ya misa. Kijana wake alikuwa ameitiwa kazi Arabuni, ya kuendesha kamera katika visima vya mafuta, ila kwanza atoe shilingi 85,000. Mzee akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwani kazi kama hiyo iko?"

Iko. Maswali yote mawili yanahusu kifaa kimoja na kazi moja, na ndiyo maana nimeona tusome pamoja. Tafadhali msomeeni kila mwanachama, hata asiyejua kusoma, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni. Msiharakishe. Vikundi vingine vimelisoma somo moja kwa mikutano miwili na halikuharibika.

KAMERA YENYEWE

Hii si kamera ya harusi. Ni kijibomba cha chuma kisichopenya maji, chenye kioo mbele na taa ndogo ndogo zilizozunguka kioo hicho, kwa sababu chini ya ardhi ni giza tupu. Nyuma imefungwa kwenye kebo ndefu iliyozungushwa katika gurudumu, na gurudumu lina kihesabio kinachoonyesha kamera imeshuka mita ngapi. Juu fundi anatazama picha kwenye kioo kama cha televisheni ndogo, na picha zote zinahifadhiwa.

Ziko za aina nyingi. Ya kisima huteremshwa wima, na iliyo nzuri huweza kugeuza jicho lake pembeni itazame ukuta. Ya mabomba madogo ya nyumbani husukumwa kwa waya mgumu unaopinda lakini haukunjiki, na mafundi wa Nairobi wanaiita nyoka. Ya mabomba makubwa ya majitaka hupanda kigari chenye magurudumu kinachotembea chenyewe ndani ya bomba huku fundi akiongoza kutoka juu ya barabara. Na iko nyembamba kama kidole, ya kutazama ndani ya injini na mitambo bila kuifungua. Mafundi wa ndege huitumia, na pia wale wa mitambo ya kuzalisha umeme.

Sasa hata madukani kuna kamera za bei nafuu za kuunganisha na simu. Hizo ni nzuri kwa kutazama bomba la sinki au paa lililoziba, mita chache tu. Msizipeleke kisimani. Kebo yake ni fupi na nyepesi, na ikikatika mmeongeza takataka nyingine ndani.

KISIMA KILICHOHUKUMIWA BILA KUSIKILIZWA

Turudi kwa mama mwenyekiti. Kisima chao kilikuwa kimehudumu miaka mingi. Kwanza maji yalipungua, halafu yakaja na mchanga, halafu pampu ikaungua. Aliyeitwa kuangalia alisimama juu, akatikisa kichwa, akasema maji ya ardhini yamekwisha. Hakuteremsha hata kamba. Kwa neno hilo moja akina mama walikuwa tayari kuuza mbuzi.

Kuchimba kisima kipya si jambo la kuchangia kwa harambee moja. Ni mamia ya maelfu ya shilingi, na mara nyingi hupita milioni. Tena upande wetu huu, ukitoka Ganda kufuata barabara ya Sala Gate, hakuna hakika kuwa shimo jipya litatoa maji matamu. Sehemu nyingi za Kilifi maji ya chini yana chumvi. Kwa hivyo kisima ambacho tayari kina maji ya kunyweka ni mali kubwa, na hakifai kuachwa kabla hakijachunguzwa. Mnakumbuka mfano wa Bwana katika Luka sura ya 14, wa mtu atakaye kujenga mnara. Huketi kwanza akapiga hesabu.

Tuliwashauri walete fundi mwenye kamera. Kabla hajafika walifanya mambo mawili. Waliitoa pampu na mabomba yake, kwani kamera haiwezi kupita vikiwamo. Kisha wakakiacha kisima kitulie, maana maji yaliyovurugwa ni kama uji, kamera haioni kitu. Wakati mwingine fundi humimina maji safi ili apate kuona vizuri.

Siku ile watu walijaa kama wamekuja sinema. Mita za kwanza tuliona ukuta wa chuma tu. Lile bomba la nje linaloshikilia udongo usianguke mafundi huliita kesingi. Kisha tukaona maji, na akina mama wakapiga vigelegele: yalikuwa pale pale, hayakwenda popote! Chini zaidi tukafika sehemu yenye matundu, ile inayopaswa kuyaruhusu maji yaingie kutoka kwenye mwamba. Matundu hayakuonekana. Yalikuwa yamefunikwa na utando mwekundu mzito kama kutu iliyochanganywa na ute. Fundi akaeleza kwamba kuna vijidudu vinavyoishi kwa madini ya chuma yaliyo majini, na uchafu wao ndio huo. Mwisho kamera ikagota kwenye mchanga, mita kadhaa kabla ya kina kilichoandikwa kwenye ripoti ya uchimbaji. Chini ya kisima kulikuwa kumejaa.

Basi ugonjwa ukajulikana. Kisima kilisuguliwa kwa brashi maalumu, mchanga ukapulizwa nje kwa upepo wa kompresa, pampu mpya ikawekwa. Maji hayakurudi yote kama siku ya kwanza, nisiwadanganye. Lakini yanatosha, na gharama ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ya kuchimba upya.

Sitaki mfikiri kwamba kamera huleta habari njema siku zote. Mahali penye maji ya chumvi, kesingi ya chuma huliwa ikatoboka, udongo ukaingia, na hapo fundi mwaminifu atawaambia msitupe pesa, mkizibe na mkatafute kwingine. Nayo ni faida. Pia kamera haipimi chumvi wala haiambii kisima kinatoa maji kiasi gani kwa saa. Kwa hayo kuna vipimo vingine.

Angalieni kwamba ripoti ya uchimbaji ndiyo iliyotuwezesha kujua kina kimepungua. Mchimbaji anatakiwa kuitoa kisima kinapokamilika, na nakala hupelekwa kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Vikundi vingi havijui iko wapi. Utasikia, "Ilikuwa kwa katibu wa zamani." Itafuteni wiki hii. Na fundi wa kamera akimaliza, msikubali aondoke na picha zake. Mwambieni awaachie nakala kwenye flashi pamoja na maandishi. Mmezilipia.

KAZI YA FUNDI NI KUANDIKA

Vijana wengi wakiona kamera wanafikiri kazi ni kubonyeza. Kubonyeza unajifunza kwa siku mbili. Kinacholipwa ni kujua unachokiona, na kukiandika ili mtu ambaye hakuwapo akielewe.

Tuchukue mabomba ya majitaka. Mji wetu wa Malindi umetegemea zaidi mashimo ya septiki na magari ya kunyonya, lakini Nairobi, na sehemu za Mombasa, kuna mabomba ya majitaka chini ya barabara. Fundi akipitisha kigari chake kutoka chemba moja hadi nyingine, lazima aandike: mita ya 14, mzizi wa mti umeingia, mita ya 22, bomba limepasuka, mita ya 31, bomba limebonyea na maji yametuama. Kwa ripoti hiyo injinia huamua pa kuchimba. Ukikosea mita tatu, watu wamebomoa lami mahali pasipo na tatizo.

Tena huandika ubovu uko upande gani wa bomba. Hufanya hivi: bomba likitazamwa kwa mbele huchukuliwa kama uso wa saa ya ukutani. Juu kabisa ni 12, kulia ni 3, chini ni 6, kushoto ni 9. Hapa sisi Waswahili tuna mtego wetu. Mshale ukisimama kwenye 12 sisi twasema saa sita! Kijana akiona ufa juu ya bomba, akausoma kwa mazoea ya nyumbani akaandika 6, injinia atafikiri ufa uko chini. Kwa hivyo husomwa namba iliyo kwenye uso wa saa, wala si saa tunayoitaja kwa mdomo. Nilipomsikia fundi akieleza hili nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alisema amewahi kuona kosa hilo.

Nchi mbalimbali zina orodha zake za alama za kuandikia ubovu wa mabomba, ili ufa uitwe ufa na kila mtu. Na wanaokagua vyuma na viungo vilivyochomelewa kwa macho au kwa kamera, kwa kanuni za kimataifa, hupimwa macho yao kila mwaka. Kijana anayetaka kazi hii aanze kwa kujua anaona vizuri, na rangi pia.

Wasichana nao wasijitoe. Anayeongoza kigari hukaa kando ya gari lake na kioo na daftari. Umakini unahitajika kuliko misuli.

WATU WASISHUKE TENA

Hili naliandika kwa uchungu. Katika sehemu zetu bado mtu hufungwa kamba akashushwa kisimani au kwenye shimo la choo "aangalie kidogo". Hewa ya humo huua. Majitaka hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, na ubaya wake ni kwamba ikizidi pua huacha kuinusa, kwa hivyo mtu hudhani imekwisha. Pampu ya petroli ikiwashwa ndani au karibu na mdomo wa kisima, moshi wake hushuka ukakaa. Na mara nyingi anayekufa si mmoja, kwa sababu wa pili huruka kumwokoa ndugu yake.

Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wanaoingia mahali pa namna hiyo. Njia bora ni mtu asiingie kabisa. Kama kamera haipatikani, kuna mbinu ya wazee kwa visima vya kuchimbwa kwa mkono: siku ya jua kali shika kioo cha kujitazamia, uuelekeze mwanga chini. Utaona ukuta, utaona maji, utaona kama kuna ndoo iliyoanguka. Na kamba yenye jiwe itakuambia kina. Havigharimu chochote.

NA MAFUTA JE?

Mzee aliniuliza kuhusu mafuta, na hapa ndipo penye ulaghai, kwa hiyo tuseme yaliyo kweli.

Kenya mafuta yalipatikana Turkana mwaka 2012, katika kisima kilichoitwa Ngamia 1. Mwaka huo huo, baharini mbele ya pwani hii yetu ya kaskazini, kisima cha Mbawa kilionyesha gesi, lakini haikutosha kwa biashara. Mafuta ya Turkana yalisafirishwa kwa malori hadi Mombasa kuanzia 2018, shehena ya kwanza ikauzwa nje Agosti 2019, kisha malori yakasimama mwaka 2020. Mwaka 2025 kampuni ya Tullow iliuza sehemu yake kwa Gulf Energy. Jirani zetu wamekwenda mbali zaidi: bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki limepangwa kuwa na urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani karibu na Tanga, na lazima lipashwe moto njia nzima kwa sababu mafuta yale huganda kama samli.

Kazi za ukaguzi katika mambo hayo zipo. Viungo vya bomba hukaguliwa kimoja kimoja. Matangi hutazamwa ndani. Visima vya mafuta navyo huteremshiwa kamera, lakini si kama ya kwetu. Kisima cha maji cha mita mia ni mtoto. Cha mafuta huenda mita elfu kadhaa, chini kuna joto kali na mgandamizo wa kuponda chuma, na mafuta ghafi ni meusi, hayapitishi mwanga, hivyo lazima kwanza yasukumwe kando kwa kitu kinachoonekana kupitia kwake. Vifaa vyake ni vya fedha nyingi mno. Sasa niambieni, ni kampuni gani itamkabidhi hivyo kijana aliyesoma juma moja?

Yule kijana wetu, masikini, alikuwa wa pili. Wa kwanza, miaka michache iliyopita, alilipa. Familia iliuza maembe yakiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, na kilichobaki kikakopwa kwenye kikundi cha mama yake. Alipewa "mafunzo" ya siku chache hotelini, akapimwa afya, akapewa karatasi yenye picha ya mtambo wa kuchimba mafuta. Tarehe ya safari ilisogezwa mara tatu. Mara ya nne ofisi ilikuwa imefungwa na simu haishikwi. Mkopo ule ulikaa miezi mingi bila kurudi, na akina mama wengine wakakosa zamu yao. Ndiyo sababu nasema jambo hili ni la kikundi kizima, halihusu nyumba moja tu.

Kabla kikundi hakijatoa mkopo kwa ajili ya kazi ya ng'ambo, kamati iulize. Je, wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira? Mamlaka hiyo ina orodha ya mawakala waliosajiliwa, na yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuitazama. Mwajiri ni nani hasa, na mkataba uko wapi? Kwa nini pesa inatumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi? Na jihadharini na cheti cha kujiokoa baharini. Ni mafunzo ya kweli, ya siku 3 hivi, yanayotakiwa kwa wanaokwenda kwenye mitambo ya baharini. Lakini hayamfanyi mtu kuwa fundi. Walaghai huyauza kana kwamba ndiyo kazi yenyewe.

NJIA YA KIJANA

Hakuna nilipoona mtu anaanza na kamera. Wote niliowauliza walianza na ufundi mwingine: bomba, umeme, kuchomelea, au usaidizi kwenye mtambo wa kuchimba visima. Kamera ilikuja baadaye, kwa sababu mwenye kampuni aliona huyu anajua bomba likoje ndani.

Kwa hivyo kijana wa Ganda aanze karibu. Vyuo vya ufundi vya kaunti hufundisha bomba na umeme. Kuna mitihani ya ufundi ya NITA, ambayo huanza daraja la tatu kupanda hadi la kwanza, na aliyejifunza kwa fundi wa mtaani pia hukubaliwa kuifanya. Anayetaka maji kama taaluma iko Taasisi ya Maji ya Kenya, Nairobi. Kwa mabomba ya mafuta, Kenya Pipeline ina chuo chake cha Morendat, Naivasha, na Uganda wana chuo cha petroli cha Kigumba. Hivyo ni vyuo vinavyojulikana, vina geti na ofisi. Mzazi anaweza kupanda basi akaenda kuvitazama.

Na kazi ziko wapi? Hapa hapa kwanza. Maji ya Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa hutoka visima vya Baricho, kwenye mchanga wa mto Sabaki, yakasafiri njia ndefu kwa mabomba. Ripoti za WASREB, wasimamizi wa huduma za maji nchini, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayotengenezwa na makampuni ya maji ya Kenya hayalipiwi. Mengine huibwa, na mengine huvuja yasionekane. Kupata pavujapo ni kazi. Mahoteli ya Malindi na Watamu yana mabomba yaliyozeeka, na visima vya shule, zahanati na parokia vinazidi kuzeeka kila mwaka. Kijana mwenye cheti cha bomba, anayeandika ripoti safi na kusema kweli, atapata kazi huko. Mshahara wa Arabuni hautakuwa, ila hatauza maembe yakiwa maua.

Yule mzee alikwenda nyumbani na maswali yale ya kamati. Wakala alipoulizwa leseni alikasirika, akasema nafasi imechukuliwa na mwingine. Kijana sasa anajifunza kwa fundi bomba mjini, na anasubiri mtihani wa daraja la tatu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

Ripoti ya uchimbaji wa kisima chetu iko kwa nani leo? Kina chake kilikuwa mita ngapi, na mara ya mwisho kupimwa ni lini?

Katika kijiji chetu, ni nani aliyewahi kushuka kisimani au kwenye shimo la choo? Nini kilitokea?

Mwanachama akiomba mkopo wa kumpeleka mtoto ng'ambo, kamati yetu itauliza mambo gani kabla ya kutoa? Yaandikeni kwenye kitabu cha kumbukumbu.

Kati ya vijana wetu, ni yupi mwenye mkono wa ufundi na mwenye kupenda kuandika? Ada ya mtihani wa NITA tunaweza kumkopesha?